Mjumbe Asiyeondoka



Wakati wa Kwaresima iliyopita tulifundisha jioni moja katika mtaa mmoja wa huku Busunzu juu ya maumivu ya mwili. Neno letu lilikuwa hili, ya kwamba maumivu ni mjumbe mwema, naye ametumwa kutuambia hatari iko wapi, tena mtu asiye na mjumbe huyo hupotea. Tulitoa mfano wa mwenye ukoma, ambaye vidole vyake huharibika kwa sababu haviumi. Watu wakaitikia vizuri. Tukafunga kitabu na furaha ile aijuayo kila mhubiri aliyeona mahubiri yake yamekaa sawasawa.

Watu walipotoka, mama mmoja alibaki ameketi kwenye benchi la tatu. Hakubaki kwa kupenda, bali alikuwa akimngoja mwanawe aje amwinue. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, nayo ilikuwa imekwisha kuenea hata mifupa ya nyonga. Akatuita kwa upole, kama mama amwitavyo mwanawe, akasema: “Mchungaji, mwanangu, nimesikia habari za mjumbe wako. Wangu alikuja mwaka juzi. Alinigongea usiku, nikaamka, nikaenda hospitali, nikaambiwa. Ujumbe wake nimeupokea, watoto wangu wameupokea, na daktari ameupokea. Mbona haondoki?”

Hatukuwa na jibu. Tulimshika mkono, tukaomba pamoja naye, tukashika njia ya kwetu, na njiani tuliona haya. Maneno yetu ya jioni ile hayakuwa uongo, ila yalikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli akipewa mgonjwa yaweza kumchoma kuliko uongo. Basi tangu siku ile tumesoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Swali ni hili: Je, maumivu ni mema au ni mabaya? Na limpasalo nini mtu aketiye kando ya mwenye maumivu? Twaona hatuwezi kulijibu pasipo kujua kwanza maumivu yafanyikaje mwilini.

Lugha yetu yenyewe ina maneno ya kufikiriwa hapa. Twasema jino laniuma, tumbo laniuma, kana kwamba kiungo chetu kimekuwa mbwa wa jirani. Tena twasema uchungu, neno lile lile la majani ya mwarobaini na la mama azaaye, na la mtu aliyefiwa pia. Na kuugua, katika Kiswahili cha wazee, ni kuwa mgonjwa na tena ni kutoa sauti ya maumivu, kana kwamba ugonjwa na kilio ni kitu kimoja. Tutaona kwamba sivyo.

Huku kwetu Uha kila mtu amjua nyuki. Mrina asali akichomwa kidoleni, mwiba huacha sumu ndani ya ngozi. Ngozini mna miisho ya mishipa ya fahamu, myembamba kuliko unywele, na mingine ya mishipa hiyo haishughuliki na mguso wa upole wala joto la jua la asubuhi. Kazi yake ni kungoja la kudhuru tu, yaani kukatwa, kupondwa, kuungua, na sumu. Profesa Sherrington wa Uingereza aliitenga mishipa hiyo kwa jina lake mwaka 1906, na tangu hapo wataalamu wamejifunza mengi. Kwa mfano, mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walikipata kilango kidogo katika miisho hiyo, ambacho hufunguka joto lifikapo kadiri ya digrii 43, na kilango hicho hicho hufunguliwa na pilipili. Ndiyo sababu mtu aliyekula pilipili husema kinywa chake chawaka moto, na mshipa wake wasema hivyo hivyo, ijapokuwa moto hakuna. Kwa kazi hiyo Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Lakini angalieni, kilichomo ndani ya mshipa si maumivu bado. Ni habari tu, mtetemo mdogo wa umeme upitao. Katika waya wa simu hamna msiba, ijapokuwa habari za msiba zapita humo. Msiba huanza hapo mtu apokeapo. Ndivyo ilivyo na mishipa.

Tena wajumbe ni wawili, wala hawaendi mwendo mmoja. Yule wa kwanza hukimbia mita 5 hata 30 kwa sekunde. Wa pili ni mzito, huenda kadiri ya mita 1 kwa sekunde, pengine pungufu. Mtu akijigonga kidole cha mguu kwa jembe, mara moja husikia kitu kikali kama sindano. Anakaa kidogo, ndipo laja lile wimbi la pili, la kuwaka na kupwita, lidumulo. Kila mkulima amelijua jambo hili tangu utoto, ila hakuambiwa kwamba ni wajumbe wawili waliotoka pamoja na kufika mbalimbali.

Wote wawili hufikia kwanza katika uti wa mgongo. Hapo pana amri ya haraka: mkono uliogusa chungu cha moto huvutwa kabla ubongo haujapata habari. Mama apikaye hakuamua kuuvuta mkono wake. Umevutwa, naye akajua baadaye. Kisha habari hupanda ubongoni, na huko haiingii chumba kimoja. Sehemu moja hupima ni wapi na ni kali kiasi gani, nyingine huleta hofu na huzuni, nyingine hukumbuka mambo yaliyopita, na nyingine huuliza, “Neno hili maana yake ni nini kwangu?” Baada ya hayo yote ndipo mtu aumwapo. Maumivu basi huzaliwa ubongoni, si kidoleni. Neno hili ni la kweli, lakini ni la hatari pia, nasi tutalirudia.

Kwanza tutetee ile nusu ya mahubiri yetu iliyokuwa kweli. Daktari Gerhard Armauer Hansen, wa mji wa Bergen katika Norway, aliona kijidudu cha ukoma mwaka 1873. Kijidudu hicho hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, kama mikono, miguu na uso, nacho hukaa katika mishipa ya fahamu na kuiua. Kwa muda mrefu watu walidhani ukoma wenyewe ndio ulao vidole. Ndipo daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko Bara Hindi tangu mwaka 1946, akaanza kuchunguza vidonda vya wagonjwa wake kimoja kimoja. Akaona kwamba vidonda vile vingi sana vilikuwa na sababu za kila siku: mpini wa chuma wa moto, kiatu chenye msumari ndani, ufunguo uliozungushwa kwa nguvu mno. Hata panya waliwauma wagonjwa vidole usiku wasiamke. Nyama ya mkono wa mkoma, alisema Brand, ni nyama njema, nayo yapona kama ya mtu mwingine ikipewa nafasi. Iliyokosekana ni kelele.

Wazee wetu wa Uha waliwaona wagonjwa wa namna hiyo wakikaa mbali na watu, wakawadhani wamelaaniwa. Leo ukoma waponywa kwa dawa za vidonge zilizoanza kutolewa pamoja kwa mashauri ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1981, lakini mshipa uliokwisha kufa haufufuki. Na mahali pa ukoma pamekuja kisukari. Mwenye kisukari cha miaka mingi hutembea juu ya kaa la moto lililodondoka jikoni, akagundua jioni kwa harufu. Walimu wa mitaa, mkimtembelea mgonjwa wa kisukari, mwombeni awaonyeshe nyayo zake. Si jambo la aibu, nanyi mwaweza kuuokoa mguu.

Wapo pia waliozaliwa pasipo maumivu kabisa, wachache mno duniani. Mwaka 2006 wataalamu waliandika habari za jamaa kadhaa za Pakistan ya kaskazini ambazo watoto wao hawakuumwa kamwe, kwa kasoro ndogo ya urithi iliyofunga kilango kimoja cha mishipa. Kijana mmoja alipata riziki kwa kujichoma visu mikononi na kukanyaga makaa mbele ya watu barabarani. Alikufa kabla hajatimiza miaka 14, kwa kuruka kutoka juu ya nyumba. Mama akisoma habari hii, asiseme tena mbele ya mtoto wake aliaye kwa kujikwaa, “Heri usingesikia kitu.”

Basi mjumbe ni mwema. Hata hapo tulikuwa sawa.

Lakini mjumbe huyu ana makosa mawili makubwa, nasi hatukuyataja hata moja jioni ile. La kwanza, mara nyingi huchelewa. Saratani ya shingo ya kizazi hukua miaka mingi bila maumivu, na ianzapo kuuma imekwisha kuvuka mipaka. Mwanamke angojaye kuumwa ndipo aende kupimwa amengoja mjumbe aliyelala njiani. (Hapa twasema waziwazi, ingawa wengine watashangaa kuyasoma haya katika gazeti la Kanisa: wake zetu waende kupimwa wangali wazima, na mabinti zetu wapewe ile chanjo iliyoanza kutolewa nchini mwetu mwaka 2018. Mchungaji aonaye haya kulitaja neno kizazi kanisani na aone haya zaidi kaburini.)

Kosa la pili ni lile aliloliuliza mama yetu. Mjumbe akikwisha kusema haondoki, bali hurudia, tena kila arudiapo huongeza sauti. Jambo hili lina sababu yake mwilini. Njia ya mbuzi ipitwayo kila siku huwa pana, na mwishowe watu husahau kwamba palikuwa na majani. Vivyo hivyo mishipa na uti wa mgongo vikipitisha habari za maumivu usiku na mchana hujifunza kuzipitisha upesi zaidi, hata mguso wa shuka ukawa kama kisu. Wako waliokatwa mguu ambao kidole cha mguu usiokuwapo huwawasha na kuwauma. Kidonda kimezikwa, na habari zake zingali zaja.

Tena yako ya upande wa pili, yaani kidonda kuwapo na maumivu yasiwepo. Katika vita vya pili vya dunia, mwaka 1944, daktari Mmarekani Henry Beecher alihudumia askari waliojeruhiwa pale Anzio katika Italia. Aliwauliza zaidi ya watu mia mbili wenye majeraha makubwa kama walitaka dawa ya maumivu. Wapata robo tatu walisema hawaihitaji. Hawakuwa wamekufa ganzi, maana muuguzi akikosea sindano walilalamika kama mtu ye yote. Beecher aliwaza kwamba kwa askari yule jeraha lilikuwa habari njema: ameokoka vitani, sasa arudishwa kwao. Kwa mtu wa kijijini mwenye jeraha kama lile, habari ni nyingine: shamba litalimwa na nani?

Tulipoyasoma hayo tulimkumbuka mama yetu. Maana tulipomtembelea baadaye alituambia kwamba maumivu yake huwa makali mno alfajiri, saa ile awazapo habari za mjukuu wake yatima, na kipande cha shamba ambacho shemeji zake walikuwa wakikitazama kwa macho mabaya. Mwingereza Cicely Saunders, aliyeanzisha nyumba ya kuuguzia wagonjwa mahututi mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, na ya moyo, na ya nyumba, na ya roho pamoja, wala huwezi kuyapasua kama kuni. Wazee wetu wakaketi na wale shemeji, mambo ya shamba yakaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Juma lile mama alilala saa nyingi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Saratani haikupungua hata kidogo. Habari zilezile zilipanda kwa mishipa ileile, ila zilipofika juu zilikuta nyumba yenye utulivu kidogo.

Hapa ndipo penye ile hatari tuliyosema. Mtu akisikia kwamba maumivu huzaliwa ubongoni na kwamba hofu huyaongeza, hukimbilia kusema, “Basi yuajifanya.” La! Yote yaumayo huzaliwa ubongoni, ya kidonda na yasiyo ya kidonda, ya mtoto na ya mzee, na yote ni maumivu ya kweli. Hakuna kipimo. Homa ina kipimajoto, damu ina mashine yake, lakini hakuna chombo kiwezacho kuwekwa juu ya mtu kikasema anaumwa kiasi gani. Tuna kinywa chake tu. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipotengeneza upya maelezo yake, kiliandika kwamba mtu asemavyo juu ya maumivu yake yapasa kuheshimiwa, na kwamba asiyeweza kusema asidhaniwe kuwa haumwi. Wahenga walikwisha kusema kwa kitanda na kunguni: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisi twakosa pande zote mbili. Aliaye twamwambia anyamaze, mbona wenzake hawalii. Tumeyasikia maneno haya katika wodi ya wazazi, tumeyasikia pia nyumbani kwa waamini. Naye anyamazaye twamsifu kwa imani yake, tukaenda zetu bila kuuliza. Mama yetu alikuwa mnyamavu. Watu walimtaja kama mfano wa uvumilivu hata katika maombi ya Jumapili, naye alituambia, “Sikupiga kite kwa kuwa nikipiga kite watoto hawalali.” Uvumilivu huo ulikuwa upendo, lakini sisi tuliufanya ushahidi kwamba haumwi sana. Na wasomi hawakuwa na hekima kuliko sisi. Hata miaka ya 1980 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliwapasua watoto wachanga kwa dawa kidogo mno ya maumivu, pengine pasipo dawa, wakidhani mishipa yao haijakomaa. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba watoto waliopewa dawa ya kutosha wakati wa kupasuliwa walipona vizuri kuliko wasiopewa. Mtoto mchanga hakuweza kusema, na kilio chake kilihesabiwa kuwa si kitu.

Sasa twafika kwenye neno gumu. Wako Wakristo wasemao kwamba maumivu hutakasa, na kwamba kuyaondoa kwa dawa ni kuukimbia msalaba. Hatuwadharau, maana tumewaona watu waliokua katika mateso wakawa wakubwa kuliko sisi wote. Lakini mtu akiupokea mzigo wake mwenyewe, hilo ni jambo lake na Mungu wake. Mtu mzima aliyeshiba akimgawia mgonjwa mzigo huo kwa mahubiri, hilo ni jambo jingine kabisa. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba pasipo kusema neno, na kazi yao njema iliishia hapo. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake wakaharibu. Sisi tulianza moja kwa moja kwa siku ya nane.

Dk. Martin Luther mwenyewe aliyajua haya. Mwezi wa Februari 1537, katika mkutano wa Schmalkalden, alishikwa na jiwe la kibofu, akakaa siku nyingi hawezi kukojoa, watu wakadhani atakufa. Walimpakia garini ili arudi kwao, na njia ilikuwa mbovu, kama barabara zetu za masika. Gari lilimtikisa mno, na usiku ule pale Tambach njia ya mkojo ikafunguka. Alimwandikia mkewe Katharina habari hiyo kwa furaha kubwa. Mtu aliyeandika mengi juu ya msalaba aliupokea unafuu kama zawadi, wala hakuona kwamba amenyang'anywa kitu.

Na James Young Simpson, daktari wa Edinburgh, alipoanza mwaka 1847 kuwapa wazazi klorofomu, aliona imempasa kuandika majibu kwa wale waliopinga kwa ajili ya dini. Aliwakumbusha kwamba kabla Mungu hajautwaa ubavu wa Adamu alimletea kwanza usingizi mzito. Wengine watasema ni jibu la mzaha. Sisi twaona lina uzito.

Lakini lililotugusa kuliko yote ni jambo lililo katika mwili wenyewe. Njia za maumivu hazipandi tu. Ziko na zinazoshuka. Kutoka ubongoni hushuka mishipa hata uti wa mgongo yenye kazi ya kuwazuia wale wajumbe mlangoni. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba katika uti wa mgongo pana kama lango, na kwamba mguso wa upole waweza kulifunga kidogo. Mambo mengi ya maelezo yao yamesahihishwa tangu hapo, lakini neno lenyewe limesimama, naye mama asuguaye goti la mtoto aliyejikwaa alilijua kabla yao. Kisha mwaka 1975, huko Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz walipata katika ubongo vitu ambavyo mwili hujitengenezea, vifanyavyo kazi kama morfini. Yaani Muumba alipomtuma mjumbe alimweka na bawabu pia. Kunyamazisha maumivu si hila ya wanadamu dhidi ya uumbaji, maana umo ndani ya uumbaji tangu mwanzo. Hapo bawabu achokapo, dawa humsaidia kwenye mlango ule ule.

Tumesikia maneno mengi juu ya morfini: ya kwamba ni dawa ya walevi, ya kwamba apewaye amekwisha kuhukumiwa kufa, ya kwamba huharakisha kifo. Daktari na wauguzi waliotufundisha walisema hivi. Ni kweli kwamba ni dawa yenye nguvu, na mtu aichukuaye bila kipimo aweza kuacha kupumua, wala hapana ruhusa kuichezea. Lakini mgonjwa wa saratani apewaye ya maji kwa kinywa, kidogo kidogo, kila saa nne, kwa kipimo kiongezwacho polepole, halevi wala hafi kwa dawa. Hulala usingizi uliomdai siku nyingi. Yampasa kupewa na dawa ya kulegeza choo, maana hufunga choo sana. Hiyo si habari ndogo kwa amwuguzaye.

Wala hili si jambo la nchi za mbali. Daktari Anne Merriman alianzisha kazi hiyo Kampala mwaka 1993, akitengeneza morfini ya maji kutoka kwa unga wake kwa gharama ndogo. Na mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake ili wauguzi waliofundishwa waweze kuiandika dawa hii, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Katika nchi yetu Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imewapa wagonjwa dawa hii miaka mingi, nayo hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kuwahudumia wagonjwa wa namna hii majumbani mwao mwaka 1999, na kazi ile ikaenea katika hospitali nyingine za Kanisa. Basi mwalimu wa mtaa amwonaye mgonjwa aumwaye asiridhike na kuomba tu. Aombe, kisha awaulize jamaa: Mmeuliza hospitali habari za dawa ya maumivu? Mmeambiwa nini? Nani ataifuata?

Tena aangalie asimnyamazishe mjumbe kabla hajasema. Mtu anunuaye vidonge vya maumivu dukani mwezi baada ya mwezi, asiende kupimwa, amemfunga kinywa mjumbe mlangoni pasipo kusikia neno lake. Ujumbe upokewe kwanza. Lakini ukiisha kupokewa, na yote yawezekanayo yakafanyika, hatuoni sababu yo yote, katika mwili wala katika imani, ya kumwacha aendelee kupiga kelele ndani ya nyumba ya mtu.

Dawa ya mama yetu ilipatikana baada ya majuma matatu, katika hospitali iliyo mbali na kwetu, na mwanawe aliifuata kwa basi. Tulikwenda kumtazama siku ya nne baada ya kuanza kuinywa. Tulimkuta ameketi nje juu ya mkeka, amenyoosha miguu, akipukuchua maharage pamoja na mjukuu wake. Tulitaka kumwomba radhi kwa maneno yetu ya jioni ile ya Kwaresima, lakini hakutupa nafasi.

“Karibu, Mchungaji,” akasema. “Mjumbe wako bado yupo. Lakini sasa amekaa nje ya ua, nami nasikia kwa mbali tu akikohoa.”

Kisha akatusogezea ungo ili tusaidie, akatuuliza maharage yauzwaje juma hili pale mnadani.